Kati ya Saitimira Mbili

Saitimira niliyoigonga kwa mkono ilikuwa nyeusi, na nilikuwa nimeiona. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kidole chenyewe.

Foleni ilikuwa ya safu mbili. Ya kushoto imeganda, ya kulia inajikokota. Mimi nilikuwa na pikipiki yangu juu ya mstari mweupe unaozitenga, gia ya tatu, nikiyapita magari moja baada ya jingine kama mtoto anayehesabu nguzo za uzio kwa fimbo. Mbele kidogo, kwenye safu ya kulia, gari moja lilichelewa kuondoka na pengo likafunguka, urefu wa gari moja na nusu hivi. Gari dogo jeusi lililokuwa limekwama kushoto likaliona pengo hilo wakati uleule nilipoliona mimi. Tairi lake la mbele likageuka kwanza. Mpaka leo naliona: gari lenyewe halijasogea, lakini tairi limeshaelekea upande wangu. Nikabana breki zote mbili. Pikipiki ikainamisha pua, mwendo ukapungua, ila haukupungua vya kutosha. Mkono wangu wa kushoto ukaipiga saitimira, ikajikunja kama sikio la mbuzi, nikayumba, nikatupa mguu chini, nikasimama. Sikuanguka.

Dereva akashusha kioo. Mzee wa makamo, miwani imemteremka puani. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka jibu kweli:

"Kijana, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapahapa, mzee."

Nilisema uongo bila kujua kwamba ni uongo. Nilikuwa nakwenda kama kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 kila sekunde. Sekunde tatu kabla ya hapo, alipotazama kioo chake (nami naamini alitazama), nilikuwa mita 33 nyuma yake, nimefichwa na magari matano au sita. Alitazama, akaona njia iko wazi, akakata usukani. Mimi nilikuja kujaza uwazi huo baada ya jicho lake kuondoka kwenye kioo.

Nimeendelea kupita katikati ya foleni tangu siku hiyo. Lakini swali la yule mzee limenifanya nisome kila nilichokipata kuhusu jambo hili, kwa sababu niliona kwamba ubishi wote kati yetu na wenye magari unazunguka hapo: ulikuwa wapi?

Wenye magari wengi huamini tunapenya kwa sababu hatuna subira. Sitabisha sana, subira kweli ni haba. Lakini ziko sababu nyingine ambazo mtu hazijui mpaka akae juu ya tandiko. Injini inayopozwa kwa upepo haina upepo ikisimama, na joto lake lote linapanda mapajani. Mkono wa klachi hubana na kuachia, kubana na kuachia, mpaka vidole vinakataa. Halafu kuna mgongo. Ukisimama nyuma ya gari kwenye foleni, macho yako yote yako mbele, na nyuma yako kuna mtu anayekuja na simu mkononi. Gari likigongwa nyuma polepole, ni bampa na ugomvi. Pikipiki ikigongwa nyuma, bampa ni wewe.

Utafiti ninaourudia kila mara ni wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huko Marekani, uliotolewa mwaka 2015 ukiongozwa na Thomas Rice. Walikusanya taarifa za waendesha pikipiki 5,969 waliopata ajali katika jimbo la California kati ya Juni 2012 na Agosti 2013. Kati yao, 997 walikuwa wakipita katikati ya safu za magari ajali ilipotokea. Walipolinganisha makundi mawili, waliokuwa katikati ya safu waliumia kidogo kuliko wenzao. Walioumia kichwa ni asilimia 9.1 dhidi ya 16.5. Walioumia kiwiliwili ni asilimia 18.6 dhidi ya 27.3. Waliokufa ni asilimia 1.4 dhidi ya 3.1. Na lile la mgongo: waliogongwa nyuma na gari jingine walikuwa asilimia 2.6 kwa waliokuwa wakipita katikati, na 4.6 kwa wengine.

Nilipozisoma namba hizo mara ya kwanza nilitaka kuzichapisha na kuzibandika kwenye tenki la mafuta. Kisha nikasoma ripoti yenyewe taratibu, na furaha ikapungua. Kwanza, waliokuwa wakipita katikati hawakuwa watu wa aina moja na wengine. Wengi walikuwa wakienda au wakitoka kazini siku za wiki, wamevaa helmeti nzuri zaidi, na wachache kati yao walikuwa wamekunywa pombe. Mtu wa namna hiyo huumia kidogo hata akianguka kwenye njia ya kawaida. Pili, na hapa ndipo wenzangu wengi huteleza, utafiti ule haukupima uwezekano wa kupata ajali. Ulipima nani anaumia zaidi miongoni mwa watu ambao tayari wamepata ajali. Anayesema "Berkeley wamethibitisha kupenya ni salama kuliko kukaa kwenye njia" anaibebesha karatasi ile mzigo usio wake.

Tena kuna namba moja ambayo haitajwi sana vijiweni kwetu. Waliokuwa wakipita katikati waliligonga gari jingine kwa nyuma katika asilimia 38.4 ya ajali zao. Wengine ni asilimia 15.7. Yaani tunakwepa kugongwa, kisha tunakwenda kugonga.

Kilichonibadilisha mimi ni sehemu inayohusu mwendo. Watafiti walitenganisha vitu viwili: kasi ya foleni yenyewe, na tofauti kati ya kasi ya pikipiki na kasi ya magari yanayoizunguka. Waliona kwamba ile tofauti ndiyo inayoeleza majeraha zaidi. Foleni ikiwa chini ya maili 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80, na pikipiki ikiwa haiyazidi magari kwa zaidi ya maili 15, yaani kilomita 24 hivi, majeraha hayakuonekana kupanda. Ukivuka hapo, mambo yanabadilika.

Hesabu yake haihitaji profesa. Chukua sekunde moja na nusu kuwa muda wa mtu kuona hatari na kushika breki. Ukiyazidi magari kwa kilomita 15 kwa saa, katika muda huo unasogea mita 6 ukilinganisha nayo: gari moja na ushee. Ukiyazidi kwa kilomita 40, unasogea karibu mita 17, na bado hujagusa breki. Siku ile magari yote yaliyokuwa ndani ya mita zile 17 yalikuwa yameshaamuliwa. Lolote ambalo dereva yeyote kati yao angefanya, mimi nisingekuwa na jibu. Nilikuwa nimejifunga kwa maamuzi ya watu wanne ambao hawakujua kwamba nipo.

Upande wa pili wa hesabu ni wa dereva. Nikiyazidi magari kwa kilomita 15, nakaa ndani ya kioo chake muda wa kutosha jicho linipate. Nikiyazidi kwa 40, napita kama inzi.

Sasa sheria. Hapa ndipo watu hupenda kubishana bila kujua wanabishania nini, kwa sababu mambo ni mawili na sisi huyaita jina moja. Kuna kupenya kati ya magari yaliyosimama, tuseme taa ikiwa nyekundu, ukafika mbele. Na kuna kupita kati ya magari yanayotembea. Baadhi ya walioandika sheria wameruhusu la kwanza na kuliogopa la pili. New South Wales huko Australia walianza Julai 2014: ruhusa hadi kilomita 30 kwa saa, na leseni iwe kamili, si ya anayejifunza. Utah, Marekani, walifuata mwaka 2019 na sharti kali zaidi. Magari yawe yamesimama, barabara iwe na safu mbili au zaidi upande uleule na kikomo kisichozidi maili 45, nawe usizidi maili 15. Arizona wakaiga karibu neno kwa neno mwaka 2022, na Colorado wakaruhusu mwaka 2024, nao kwa magari yaliyosimama tu.

California ni hadithi ya peke yake. Kwa miongo mingi sheria ya jimbo hilo haikuruhusu wala haikukataza, na watu wakapita. Mwaka 2013 polisi wa barabara kuu waliweka hadharani mwongozo wa namna ya kupita kwa usalama. Mwaka 2014 wakauondoa baada ya kulalamikiwa kwamba unafanana na sheria iliyotungwa bila kufuata utaratibu wa kutunga sheria. Kichekesho kwelikweli: jambo lenyewe linafanyika kila asubuhi, ila kulieleza ndiko kukawa kosa. Mwishowe muswada wa AB 51 ulitiwa saini na gavana Jerry Brown mwaka 2016, ukaanza kutumika Januari 2017. Rasimu ya awali ilikuwa na namba ndani yake, isizidi maili 15 kuliko magari na isizidi 50 kwa jumla, lakini zilitolewa. Kilichobaki ni tafsiri ya kitendo chenyewe na idhini kwa polisi kuandaa mwongozo wa elimu. Lakini upande wa dereva hawakuuacha: kumzibia mwenye pikipiki kwa makusudi namna inayoweza kumdhuru, au kumfungulia mlango ili kumzuia, ni kosa huko.

Wafaransa nao wamenifundisha kutokuwa na uhakika. Walianza kama jaribio Februari 2016, kwenye mkoa wa Paris na maeneo mengine machache: barabara pana zenye kitenganishi katikati, kati ya safu mbili za kushoto kabisa, usizidi kilomita 50. Jaribio likaisha Januari 2021, na tathmini haikuwa tamu. Kwenye barabara zilizohusika, ajali za magurudumu mawili ziliongezeka kwa asilimia 12. Mtu angedhani hapo ndipo mwisho. Hapana. Agosti mwaka huohuo wakaanza jaribio jingine, pana zaidi, katika wilaya 21, na Januari 2025 wakaruhusu nchi nzima. Wengine wanaona ni ukaidi. Mimi naona serikali iliyokubali kwamba waendesha pikipiki watapita hata wakikatazwa, ikaamua ni heri wapite kwa kanuni inayofundishwa kwenye shule za udereva kuliko kwa kubahatisha. Hata hivyo ile asilimia 12 sijaisahau, na sipendi wenzangu wanaoiruka.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Ubelgiji, iliyoanza mwaka 2011. Usizidi kilomita 50, na tofauti kati yako na magari isizidi kilomita 20. Namba ya pili ndiyo yenye akili. Najua trafiki hawezi kuipima kirahisi. Atamshika nani, kwa kifaa gani? Lakini sheria nyingine inaandikwa ili polisi aitumie, na nyingine inaandikwa ili aliye juu ya tandiko aibebe kichwani. Hii ni ya aina ya pili. Minnesota, Marekani, wamekuja na wazo la karibu na hilo Julai 2025: maili 25 kwa jumla, na maili 15 za tofauti.

Uingereza hawana namba kabisa. Kupita kando ya foleni ni halali, na kitabu chao cha kanuni za barabara kinaongea na pande zote mbili. Kanuni ya 88 inamwambia mwenye pikipiki awe mwangalifu na mwendo wake uwe mdogo foleni inapotembea polepole. Kanuni ya 211 inamwambia dereva amtafute mwenye pikipiki kabla hajageuka au kubadili safu. Lakini kuwa halali hakumaanishi kulipwa. Katika kesi ya mwaka 1966, mwenye pikipiki aliyekuwa akiipita foleni iliyosimama aligongana na gari lililotokea barabara ya pembeni kupitia pengo, na mahakama ikambebesha asilimia 80 ya lawama. Miaka 40 baadaye, mwaka 2006, mwingine aliyekuwa akiipita foleni aligongwa na gari lililojigeuza kurudi lilikotoka, na safari hii dereva akabeba lawama yote. Kitendo kinafanana, nchi ni ileile, na matokeo yamepishana kama mbingu na ardhi. Tofauti ilitokana na nani angeweza kuonwa, na nani angepaswa kutarajia nini.

Na pale ambapo sheria imenyamaza, na ni mahali pengi, hunyamaza kwa hila. Haitaji kupita katikati ya foleni, lakini ina kifungu cha kukaa ndani ya njia yako, kifungu cha kupita gari kwa usalama, na kile kipana kuliko vyote, cha kuendesha kwa uzembe. Asubuhi unapita mbele ya trafiki na anakupungia mkono. Jioni unamgusa mtu saitimira, na vifungu vyote vitatu vinaamka usingizini. Baada ya trafiki anakuja mtu wa bima, naye hana haja ya kukuonea huruma. Ningependa kukatazwa waziwazi kuliko kuachwa katika hali hiyo. Hapana, nafuta, nisingependa kukatazwa. Ningependa kuambiwa namba.

Siku hizi nina mazoea ambayo hakuna aliyenifundisha isipokuwa ile saitimira. Sitazami magari, natazama matairi ya mbele na vichwa. Kabla dereva hajabadili safu, bega lake hupanda kidogo na kichwa huinamia kioo. Indiketa huja mwisho, kama itakuja. Pengo likifunguka kwenye safu inayotembea, nalihesabu kama mlango ulio wazi na mtu nyuma yake, na napunguza mwendo kabla sijaona kama kuna mtu. Safu moja ikienda na nyingine ikiganda ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu kila aliyeganda anatamani kuhama. Safu zote mbili zikitembea sawasawa hakuna anayehangaika, na mimi napumua.

Malori siyapiti kabisa yakiwa mawili sambamba. Dereva wa lori ana eneo kubwa ubavuni asiloliona, na tairi lake halina habari na mguu wa mtu. Foleni iliyosimama kabisa ina hatari yake: watembea kwa miguu hukatiza kati ya magari, na mtu anayetokea mbele ya lori hatazami kama kuna kitu kinakuja juu ya mstari, kwa sababu juu ya mstari hakupaswi kuwa na kitu. Mvua ikinyesha, rangi nyeupe ya barabarani inateleza kama sabuni, nami napangana nyuma ya gari kama raia mwema, nikitazama nyuma kila dakika.

Kuhusu wanaotoboa ekzosi wakidai kelele inawaokoa: ekzosi inapiga kelele kwenda nyuma, na yule ninayetaka anisikie yuko mbele, vioo amepandisha na redio inaimba.

Wiki kadhaa zilizopita pikipiki yangu ilikuwa kwa fundi, nikapanda gari la dada yangu. Tuliingia kwenye foleni, mimi kiti cha abiria, tunaongea habari za mama. Nilikuwa upande wa mstari, kioo cha pembeni kiko usoni pangu. Ghafla pikipiki ikapita, goti la mwendeshaji karibu liguse mlango. Dada akaruka kwenye kiti.

"Umemwona huyo?"

Mimi, ninayepita pale kila siku, ninayejua mpaka namna bega la dereva linavyopanda, nilikuwa sijamwona. Nilikuwa natazama mbele kama abiria yeyote. Nikageukia kioo, nikaona magari yaliyopangana, na juu ya mstari hakuna mtu.

"Anakwenda kasi mno," nikasema.

"Wewe je, huendi hivyo?"

Sikumjibu. Mbele yetu mwenzangu alikuwa ameshalifikia lori la pili, taa yake ya breki ikawaka, ikazimika, akapotea ubavuni mwake.